Bawaba ya friji iko upande gani? Mwongozo wa kuchora mandhari na mwanga wa katuni za vichekesho

Onyesho lenyewe lilikuwa jepesi. Usiku wa manane mjukuu ananyata kuingia jikoni, anafungua friji, anabeba keki kwa mikono miwili, anageuka, kumbe bibi yake yuko kitini gizani muda wote huo, kijiko mkononi, anamsubiri. Nilichora jiko la kuvutia: vigae kimoja kimoja, sufuria zinazong'aa, pazia lenye maua. Nikamwonyesha rafiki yangu, nikisubiri acheke. Hakucheka. "Bibi nimemwona tangu mlango ulipoanza kufunguka," akasema.

Tatizo lilikuwa bawaba. Niliichora upande wa kulia wa friji, na bibi nilimkalisha kushoto. Mlango wenye bawaba kulia huachia upenyo kushoto, kwa hiyo hata kabla keki haijaonekana, mwanga ulikuwa umeshampata bibi usoni. Nikahamisha bawaba kushoto, nikafuta nusu ya sufuria, sikugusa kitu kingine. Mtu wa pili niliyemwonyesha alicheka.

Ndiyo maana brashi na rangi nimeziweka mbali kidogo katika mwongozo huu. Kwenye kichekesho, mandhari na mwanga vina kazi ya kupanga mtazamaji ajue nini na ajue lini. Uzuri unakuja baada ya hapo, na kuna maonyesho ambayo hayauhitaji kabisa. Nitatumia jiko lile lile tangu mwanzo hadi mwisho ili uone kila hatua inafanya nini.

Hatua ya 1: Ugawe mzaha kwa fremu

Andika mzaha wako kwa sentensi moja. Ukishindwa, storibodi (michoro ya mfululizo inayopanga onyesho) haijaiva, na hakuna mandhari itakayoiokoa. Ukiweza, chukua idadi ya sekunde uzidishe kwa 24, idadi ya fremu, yaani picha moja moja, za sekunde moja katika kazi nyingi za sinema (kwenye televisheni utakutana pia na 25 na 30). Onyesho langu lina sekunde 12, yaani fremu 288, nikaligawa hivi:

- Fremu 1–70: giza. Mjukuu anachungulia. Macho ya mtazamaji yawe mlangoni.
- Fremu 71–150: anavuka jiko kwa kunyata. Macho yamfuate yeye.
- Fremu 151–200: friji inafunguka. Macho yawe kwenye keki.
- Fremu 201–216: anausukuma mlango kwa kiwiko, mwanga unafagia sakafu kwenda kushoto. Macho yafuate ukingo wa mwanga.
- Fremu 217–288: bibi.

Pembeni ya kila mstari andika kitu ambacho hakitakiwi kuonekana wakati huo. Kwangu neno "bibi" lilijirudia mara nne mfululizo, na hiyo ikawa ndiyo kazi yenyewe: kumficha mtu mzima kwa fremu 216 ndani ya chumba ambacho mtazamaji anakiona chote.

Hatua ya 2: Chora ramani ya chumba kutoka juu

Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Chukua karatasi, chora chumba kama unakitazama kutoka darini. Mistari mitupu inatosha. Weka kuta, samani, milango na madirisha, mahali pa kamera, na nukta mahali pa kila taa. Kisha chukua rula, piga mistari kutoka kwenye kila nukta, uone mwanga unafika wapi na unazuiwa na nini.

Friji yangu imeegemea ukuta wa nyuma, upande wa kulia wa picha, ikitutazama. Bawaba iko kushoto. Mlango ukifunguka robo ya duara, unasimama kama ukuta kati ya balbu na upande wa kushoto wa jiko. Sisi tulio mbele tunauona ubavu tu, mwembamba kama pazia lililokunjwa. Kulia kwake kuna nuru, kushoto kwake giza. Mjukuu akiusukuma zaidi, mpaka wa nuru na giza unaanza kuhama juu ya sakafu: unapita mguu wa meza, unazifikia ndara za bibi, unapanda magotini, unamalizia usoni.

Ramani ilinifichulia pia mambo mawili ambayo kwenye mchoro wa mbele nisingeyagundua. Balbu iko ndani ya friji, kwa hiyo hata mlango ukifunguka wote, ubavu wa friji yenyewe unaukata mwanga usifike kwenye ukuta wa nyuma. Bibi nilikuwa nimemwegemeza kwenye ukuta huo huo. Asingepata hata chembe. Nikakivuta kiti chake mbele, karibu na kamera. Halafu mjukuu mwenyewe ni kizuizi: akisimama katikati ya friji, kivuli chake kinatanda kuelekea kwetu na kushoto. Ikabidi akiusukuma mlango kwa kiwiko cha kushoto, hapo hapo mguu wake upige hatua moja kulia, kama mtu anayeanza safari ya kurudi chumbani. Hatua hiyo mtazamaji haioni kama hila. Anaona mtu anaondoka na keki yake.

Hatua ya 3: Vipicha vidogo vya rangi tatu

Sasa chora vipicha vinane hadi kumi, upana wa vidole vitatu au vinne, kwa rangi tatu tu: nyeupe, kijivu na nyeusi. Udogo unakusaidia kwa sababu haukupi nafasi ya kuchora vigae.

Unachotafuta ni mahali penye utofauti mkubwa kuliko pote kati ya weusi na weupe, maana jicho hukimbilia huko kabla halijajua linatazama nini. Mahali hapo pawe pa mzaha. Kama ukuta uliopo nyuma ya mjukuu una picha tatu, saa na rafu ya vikombe, macho yatagawanyika na ule mnyato wake wa vidole vya miguu utapotea. Nauacha ukuta huo mtupu kuanzia mlangoni hadi friji. Vitu naviweka pembezoni na juu, pale ambapo mikono na miguu ya mhusika haitapita. Ukiona picha yako imekaa kama jukwaa tupu lenye vitu kandokando, usiogope. Wahusika wakiingia itajaa.

Mjaze mhusika rangi nyeusi tii, bila macho wala nguo. Je, umbo lake peke yake linaeleza anachofanya? Mtu aliyebeba keki mbele ya kifua, akichorwa kutoka nyuma, ni gunia. Ndiyo maana mjukuu anageuka ubavu kabla ya kuondoka.

Kumficha bibi ni kinyume cha hayo yote: kijivu kizito ndani ya kijivu kizito. Lakini usimfute. Umbo lake liwepo tangu fremu ya 1, likitofautiana na giza kwa kiwango kimoja tu, ili mtu akirudia kutazama amkute pale pale. Mzaha wa mtu aliyetokea hewani huacha mtazamaji akijiona amelaghaiwa. Mimi niliweka kiti cha pili karibu yake chenye koti lililotupiwa juu, koti lenye kinundu kama mabega. Macho yakiona vinundu viwili, hudhani ni makoti mawili.

Hatua ya 4: Mchoro kamili

Chagua kipicha kimoja ukikuze. Kama video ya mwisho ni pikseli 1920 kwa 1080, mimi huchora 2304 kwa 1296, yaani asilimia 20 zaidi kila upande wa kipimo, ili kamera ikitikisika mtu anapoanguka, kingo zisionekane. Kamera ikipangwa kusogea hadi nusu ya picha ijaze skrini, chora 3840 kwa 2160. Vitu vya lazima viwe ndani ya asilimia 90 ya katikati.

Uliza mapema kama kazi itakatwa kwa simu iliyosimama wima. Ukikata wima ya 9:16 kutoka kwenye 1920 kwa 1080, unabakiwa na ukanda wa pikseli 608 tu kwa upana. Friji na bibi haviwezi kukaa pamoja humo. Ama unachora mpangilio wa pili, ama unawapanga wote mmoja nyuma ya mwingine tangu mwanzo. Kugundua hilo baada ya kupaka rangi ni msiba.

Kuhusu kimo cha kamera, kwa vichekesho napenda upeo wa macho, yaani mstari wa kimo cha kamera, uwe karibu na kifua cha wahusika, na ukuta wa nyuma uwe sambamba na skrini. Si mtindo wa kujionyesha, lakini miili husomeka vizuri ikitembea kutoka kushoto kwenda kulia. Kumbuka pia kwamba watu wenye kimo sawa wakisimama kwenye sakafu moja, mstari wa upeo huwakata wote mahali pamoja, mbali au karibu. Ukikiuka hilo, mmoja ataonekana amesimama shimoni. Acha sakafu ya kutosha chini ya picha: miguu ina vichekesho vingi kuliko nyuso.

Kama onyesho lako ni la kufukuzana, utahitaji mandhari ndefu inayojirudia. Hesabu ni rahisi. Ukanda wa pikseli 5760 ukisogea pikseli 40 kwa fremu unamaliza mzunguko kwa fremu 144, yaani sekunde 6. Mwisho wake uungane na mwanzo bila mshono. Leya (tabaka la mchoro) ya mbali isogee polepole, ya karibu isogee haraka. Wazo hilo hilo ndilo lililokuwa kwenye kamera ya vioo vya matabaka ambayo studio ya Disney ilianza kuitumia kwenye filamu zake mwaka 1937. Na usiweke kitu cha kukumbukwa kwenye ukanda unaojirudia, isipokuwa unataka watu wacheke kwamba dirisha lile lile limepita mara ya tano.

Hatua ya 5: Rangi, na kiasi cha mapambo

Paka kwanza mandhari yote kwa mwanga wa kawaida, kama mchana wenye mawingu, bila vivuli vikali. Usiku utakuja juu yake kwa leya. Ukipaka usiku moja kwa moja kwenye vigae, siku mkurugenzi akisema "hebu tuone asubuhi", utaanza upya.

Rangi kali ziwe za wahusika na cha kuchekea. Mandhari ipate rangi zilizopoa. Katika jiko langu zima kitu chekundu ni kimoja, tunda dogo juu ya keki, na nilimzuia kila mtu asiongeze kingine.

Kiasi cha mapambo ni suala la ladha, na ladha yangu ni kupunguza. Studio ya UPA ya Marekani ilishaonyesha inavyowezekana: katika Gerald McBoing-Boing ya 1950, iliyopata Oscar ya katuni fupi, chumba mara nyingi ni rangi moja bapa, fanicha kidogo na mistari michache, na rangi ile hubadilika kufuata hali ya mtoto Gerald. Hakuna anayeuliza kuta ziko wapi.

Kuna mtego mmoja wa zamani ambao bado unanasa watu. Enzi za kuchora kwenye selo, yaani plastiki angavu, mandhari ilipakwa kwa brashi na kuwa na vivuli laini, ilhali vitu vinavyosogea vilipakwa rangi bapa vikazungushiwa mstari. Mtoto yeyote aliweza kukuonyesha jiwe litakaloanguka, kwa sababu halikufanana na mawe wenzake. Kwenye kompyuta kosa linarudi kwa njia nyingine: mlango wa friji unaochorwa na mhuishaji, yule anayevifanya vitu visogee, unakuwa na mstari mzito na rangi safi kuliko kabati la jirani yake. Kitu kitakachosogea na kisichosogea vipakwe kwa brashi moja na unene mmoja wa mstari, hasa kama kusogea kwake ndiko kunakochekesha.

Hatua ya 6: Mwanga

Tengeneza hali za mwanga kama seti, kila moja kwenye kundi lake la leya. Jiko langu lina tatu: mbalamwezi peke yake, friji iliyofunguka robo ya duara, friji iliyofunguka yote. Mhuishaji hubadilisha kati yake, na mandhari ya chini haiguswi.

Anza na giza. Usiku wa katuni usiwe mweusi, kwa sababu mjukuu lazima aonekane akinyata. Weka juu ya kila kitu leya ya buluu iliyofifia katika modi ya maltiplai, inayotia giza vilivyo chini yake, ipunguze nguvu hadi uone sakafu, ukuta na mlango bila kukaza macho. (Mbalamwezi kwa kweli si ya buluu, ni mwanga wa jua unaorudishwa na mwezi. Ni macho yetu ndiyo huegemea ubuluu nuru ikiwa hafifu, na sinema imetuzoesha hivyo.) Weusi wenyewe kabisa uweke akiba kwa kona ya bibi na kwa uwazi wa mlango anakoingilia mjukuu. Dirisha likimwaga kipande cha mbalamwezi sakafuni, kianguke kwenye njia ya mjukuu, kisianguke karibu na kiti.

Halafu friji. Friji nyingi zina mwanga mweupe wa baridi, na mwanzoni niliupaka hivyo. Ulipotea ndani ya ubuluu. Nikaubadilisha kuwa wa manjano kama balbu ya zamani ya waya, ile ya takriban kelvini 2700, na ghafla keki ikawa hazina. Sijawahi kupata malalamiko kuhusu usahihi wa friji hiyo. Mwanga huu uweke kwa modi ya skrini, inayoangaza vilivyo chini yake, au kwa kufuta sehemu ya leya ya giza, na uanzie mahali penye chanzo: unakuwa mkali ndani ya friji, unapoa ukienda mbali. Kwa kanuni ya fizikia, umbali ukiongezeka mara mbili, nuru inayofika hubaki robo. Ifuate kwenye sakafu na meza. Kwenye uso wa bibi, danganya. Yuko mbali na balbu kuliko mjukuu na angestahili nuru hafifu, lakini uso huo ndio tumeungoja fremu 216.

Vivuli vina ukingo. Karibu na kitu kinachokitupa, ukingo ni mkali. Mbali nacho unalegea. Ukingo wa mlango kwenye sakafu niliuacha mkali zaidi ya ukweli, kwa sababu unafanya kazi ya mkono unaoelekeza. Chini ya nyayo za kila mhusika weka kivuli chembamba na kizito pale nyayo zinapogusa sakafu. Bila hicho wanaelea, na mtu anayeelea hawezi kunyata.

Mhusika naye lazima awe ndani ya chumba. Mjukuu anapoitazama friji akitupa mgongo, mwili wake uwe wa giza la buluu wenye ukingo mwembamba wa manjano kwenye masikio, mabega na viwiko. Anapogeuka, manjano yawe mgongoni na uso upoe. Kosa ninaloliona kila mara ni mhusika aliyepakwa rangi za mchana akitembea kwenye mandhari ya usiku kama stika.

Mwisho ni kasi. Balbu iwake kwa fremu moja; mwanga unaopanda taratibu unafaa huzuni. Ufagio wa mwanga nimeupa fremu 16, na ndani yake unasitasita kidogo kwenye ndara, fremu 3 au 4 hivi, ili mtazamaji apate muda wa kujiuliza ndara hizo ni za nani. Uso ukishaangazwa, kila kitu kisimame kwa fremu 12 hadi 20. Kisogee kijiko tu.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Fupi, ila usiidharau. Ipe kila leya jina linaloeleweka: jiko_usiku_sakafu, jiko_usiku_meza_mbele, jiko_mwanga_B. Chochote ambacho mhusika atapita nyuma yake kiwe leya ya peke yake. Uwe unatumia programu ya Krita, Photoshop au OpenToonz, toa faili kwa wasifu wa rangi (mpangilio unaoiambia skrini ionyeshe rangi vipi) ule ule unaotumiwa na mhuishaji. Ukitofautiana naye, giza lako ulilolipima kwa makini litageuka kijivu au shimo.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kusherehekea

Finya macho: cha kuchekea bado kinaonekana? Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe: mjukuu bado anajitenga na ukuta? Ipunguze hadi iwe na ukubwa wa kidole gumba. Kisha itazame kwenye simu yenye mwanga wa skrini ulioshushwa hadi nusu, ndani ya chumba chenye taa, kwa maana huko ndiko wengi watakakoitazama. Jaribio hili la simu liliniua mara mbili: giza lililokuwa zuri kwenye skrini kubwa lilimmeza mjukuu mzima, ikabaki filamu ya keki inayoelea.

Baada ya hapo tafuta mtu ambaye hajaiona storibodi. Zima sauti, kaa ubavuni kwake, utazame macho yake badala ya skrini. Yatatoka mlangoni, yatavuka chumba, yatatua kwenye keki, kisha yatavutwa kushoto. Yakikimbilia kushoto kabla ya fremu ya 201, usimuulize kitu. Rudi kwenye ramani na rula yako, uanze na bawaba.